Mama Aliyekaa Ndani ya Kamera

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili, utafiti wangu ulihusu namna maduka ya familia yanavyopokea teknolojia mpya. Msimamizi wangu wa chuoni alinituma Kariakoo. "Usiende kuuliza maswali tu," aliniambia. "Kaa dukani uone wanakitumiaje hicho kitu."

Nikapata duka la kanga. Mwenyewe alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, aliyeachiwa biashara na mama yake. Huyo mama magoti yalikuwa yamemshinda, akabaki nyumbani Magomeni, lakini roho ilikuwa bado dukani. Ili atulie, mwanawe akafunga kamera ya ulinzi juu ya rafu na kuiunganisha na simu ya mama, awe anaangalia akiwa kitandani.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kigoda, nikamwuliza kwa nini aliamua kufunga kamera.

"Wezi," akanijibu.

"Na huyo msichana ni nani?" ikauliza sauti kutoka juu.

Niliruka nusura nianguke. Kumbe kamera ina spika.

"Ni mwanafunzi, mama. Anafanya utafiti."

"Chuo hakifundishi salamu?"

Nikainua uso, nikaiamkia kamera. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa vizuri, umepinda mgongo."

Tangu hapo sikuona hata mara moja kamera ile ikishughulika na mwizi. Wateja waliingia, wakaipa shikamoo yake, wakaulizwa habari za watoto, ndipo wakaangalia mali. Dada mmoja alishika doti ya kanga nyekundu, akasema anampelekea mama mkwe wake.

"Umesoma maneno yake?" kamera ikamwuliza. Yule dada akayasoma, akacheka. "Irudishe hapo ilipokuwa. Ukimpelekea hiyo, kesho uko kwenu na mabegi yako."

Dada akachukua nyingine, na ya kwake mwenyewe juu. Mwenye duka akaniegemea sikioni. "Nilinunua kamera, nikaletewa mama."

"Nimekusikia," ikasema kamera.

Asubuhi moja nilimkuta mwenye duka anapiga mluzi. Alikuwa amechomoa waya wa kamera na kumpigia mama kumwambia kwamba mtandao umekatika. Alizunguka duka lake kama bwana harusi. Mteja wa kwanza akaamkia kamera, kimya. Akaamkia tena.

"Mama yuko wapi leo?"

Mwenye duka hakuzoea kusema uongo. Akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ya chini, "Leo hayupo."

Yule mteja akaziba mdomo kwa mtandio, akatoka bila kununua kitu. Sikuelewa, na mwenye duka hakuelewa. Lakini habari kwamba mama anaumwa ikatoka naye, na kila duka ilikopita, hali ya mgonjwa ilizidi kuwa mbaya. Kufika adhuhuri, wauza vitambaa wa jirani walikuwa wanakuja kumpa pole, mmoja amemshika mkono kwa muda mrefu mno.

Ndipo simu yake ikaita. Ilikuwa video, na uso wa mama ukajaa kioo chote. Nyuma yake niliona mitandio ya kila rangi.

"Nyumba yangu imejaa wanawake," akasema. "Huyu kaniletea uji, huyu ananishika paji la uso. Nawauliza mgonjwa nani, wananiambia mimi. Una habari yoyote?"

"Ni mtandao, mama. Nilikwambia umekatika."

"Na hii video inapita wapi? Kwenye bomba la maji?"

Mtu mzima yule alinitazama nimwokoe. Mimi nikajifanya naandika.

Alasiri mama akafika kwa bajaji, ameshikiliwa huku na huku na wale waliokwenda kumwangalia. Wakaingia wote. Walivyokuwa na furaha ya kumkuta mzima, walinunua kanga kama kesho kuna harusi. Mwanawe akamwekea kiti chenye mto, akapanda ngazi mwenyewe kurudisha waya bila kuambiwa. Kabla ya kuondoka mama akatoa sharti moja: na yeye aonekane. Wiki haikuisha, ikatundikwa runinga ndogo ukutani.

Mkwewe, mke wa mwenye duka, alituambia kwamba siku hizi mama anaamka mapema, anapaka wanja, anavaa dhahabu zake na kujifukiza udi kabla ya kuwasha simu.

"Mama, harufu haifiki huku," mwanawe alimwambia.

"Kwani nimekwambia najifukizia wewe?"

Nilipoandika sura ya duka lile, msimamizi wangu hakuniamini, akaenda kujionea mwenyewe. Nilimkuta chuoni jioni yake, mfuko wa kanga umemjaa mikononi. "Nilikuwa napita kuangalia tu," akasema, akaingia ofisini na kufunga mlango.