Kilatini cha Ermilo Chablé

Siku hizi ukifa kijijini Chunha unazikwa kimya. Watu husimama kuzunguka kaburi wamefumbata mikono, na pale ambapo zamani sauti ingepanda kwa Kilatini husikika majembe tu. Padre huja mara moja kwa mwezi, na kifo hakimngojei. Hata akiwahi, husoma kwa Kihispania, na kwa watu wa Chunha Kihispania ni lugha ya kununulia sukari na kugombania mipaka ya shamba. Wafu wao huitikia Kilatini. Alikuwepo mtu mmoja ambaye angeweza kukivunja kimya hicho, akaondoka.

Ermilo Chablé alikuwa mfuga nyuki wa miaka arobaini na tisa, aliyeishia darasa la tatu. Mkewe Eligia alifariki mvua zilipoanza, wiki ileile ambayo Gaspar Uitz, mwimbaji wa wafu wa kijiji, alikuwa hoi kwa homa ya mapafu. Eligia akateremshwa kaburini bila kuimbiwa. Watu walimshika Ermilo mkono, lakini hawakumtazama usoni, maana wote walijua kwamba asiyeimbiwa hubaki amesimama mlangoni mwa nyumba yake: hayumo ndani, wala hajaenda zake.

Gaspar alipona, sauti yake haikupona. Waimbaji wa vijiji jirani walikwisha kufa bila kurithisha. Nafasi ikabaki moja: sala ya wafu ingeweza kuimbwa siku mwaka unapotimia, siku hiyo tu, na mara moja tu. Ermilo akaenda kwa mzee Gaspar kujifunza.

Kila alasiri, akitoka mizingani, alikaa kwenye kigoda kando ya bembea aliyolalia Gaspar. Mzee alinong'ona mstari kutoka kwenye daftari alilonakili kwa mkono ujanani, na Ermilo akauimba. Sala ilikuwa na mahali pa kutaja jina la marehemu, na hapo mzee alikuwa na sharti.

"Eligia usimwite hapa," alimwambia siku ya kwanza. "Ukimwita atakuja, akute hakijaiva kitu. Utamsumbua bure."

"Nimwite nani basi, Mwalimu?"

Gaspar akaweka kidole kwenye ukurasa. Tiburcia Ek, mwanamke wa kwanza ambaye mzee aliwahi kumwimbia, miaka sitini nyuma. "Mwite huyu. Yeye alishafika, hana haraka."

Kilatini kilimkataa Ermilo. Alichokishika Oktoba kilimponyoka Novemba. Maneno yalikuwa kama kokoto mdomoni. Hakujua lipi ni huruma na lipi ni moto. Aliwaimbia nyuki ndani ya moshi, akasahau, akaanza upya. Kuna siku alirudi nyumbani akakaa chini akalia, si kwa ajili ya mkewe, bali kwa ajili ya ulimi wake mwenyewe.

Kwenye kinu cha mahindi wanawake walimdhihaki. "Padre Ermilo, kuku wangu amegoma kutaga. Hebu mnong'oneze Kilatini kidogo." Yeye alicheka nao. Nicanora, dada wa marehemu, ndiye hakucheka.

"Dada yangu amesimama kule, shemeji," alimwambia. "Utani wenu mimi siuwezi."

Kwaresima ilipokwisha, sala ilikuwa kifuani mwake yote. Aliiimba akitembea na akikoroga uji. Gaspar alikuwa akifumba macho na kumwacha aende mpaka mwisho.

Siku ilifika. Nyumbani kwa Ermilo, Nicanora alipanga mezani mishumaa, maua, mahindi yaliyopikwa ndani ya majani ya mgomba. Gaspar aliletwa akiwa amebebwa kitini. Ermilo akasimama, akaanza, na vikongwe wakajifuta macho, kwa kuwa sauti ilikuwa nzito na safi, na hakuna neno lililorukwa. Alipofika mahali pa jina, mdomo ukafunguka wenyewe, kama ulivyofunguka alasiri mia tatu zilizopita, ukamtaja Tiburcia Ek.

Mwenyewe hakusikia. Aliendelea, akamaliza, na hapo ndipo alipoona Nicanora ameuweka chini mshumaa aliokuwa ameushika.

"Nirudie, Mwalimu?" aliuliza.

"Imeshakwenda."

"Na Eligia?"

Mzee alitazama mlango wa mbele, kisha akatazama sakafu.

Hakuna aliyemlaumu. Walikula polepole, wakasifu chakula, wakamwambia amejitahidi sana. Lakini walipoaga, mmoja baada ya mwingine, wote walitokea mlango wa jikoni, wakipitia kwenye majivu na kuni, ili wasimpite yule wasiyemwona. Nicanora alikuwa wa mwisho. Naye akapitia hukohuko.

Agosti Gaspar alifariki. Wazee walimfuata Ermilo, wakamsihi: ni yeye pekee anayejua.

"Safari hii nitamwita nani?" aliwauliza.

Wakarudi walikotoka. Gaspar alizikwa kimya, daftari lake likiwa chini ya mikono yake, kwa sababu hakukuwa na wa kulipokea.

Ermilo alimwachia mdogo wake mizinga yote, akafunga nyumba. Sasa yuko Cancún, anaishi kwa binti yake, na hukata nyasi kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege.