Wazee Wangu wa Ukoo Sifuri

Msinitazame hivyo, aibu yenyewe nimeshaizoea, mpaka leo nikipita Manyamanyama kule Bunda watu wananiita Bwana Sifuri na mimi naitika tu, nitafanyaje.

Ilikuwa hivi. Mimi ni fundi wa programu, nakaa mtaa wa Nyasho mjini, na chama cha wakulima wa pamba cha Bunda kilinipa kazi ya kuwatengenezea daftari la wanachama kwenye kompyuta. Mwenyekiti wao ni Mzee Wambura, na Mzee Wambura ndiye baba yake Nyangeta (ndiyo, Nyangeta wangu, ambaye wiki iliyofuata nilikuwa napeleka mshenga kwao). Kwa hiyo siku ya kuonyesha kazi ndiyo siku ya kujionyesha mwenyewe.

Asubuhi ya mkutano katibu akapiga simu, wazee wanataka kila mtu aonekane na ukoo wa baba yake, maana wanaoitwa Magesa peke yao wako sita. Nikaongeza. Kwenye data safu hiyo ilikuwa imeandikwa ukoo-wa-baba, na vistari vyake, nami kwenye ukurasa nikaiita kwa nukta kama nilivyokuwaga naita kila kitu: mkulima, nukta, ukoo-wa-baba. Bhoke, ninayefanya naye kazi, akachungulia akasema jina lenye vistari haliitwi kwa nukta, liweke kwenye mabano ya mraba na alama za kunukuu. Nikamjibu kwamba nukta haijawahi kuniangusha (kiburi hicho, jamani), nikafunga kompyuta bila kujaribu, nikaondoka.

Ukumbi umejaa, wazee wamekaa mbele na kofia zao, Nyangeta yuko karibu na mama yake, nikawasha projekta. Jina la kwanza, la mwenyekiti. Ukoo: 0. La pili, 0. Nashusha ukurasa, sifuri, ukumbi mzima sifuri. Kumbe mashine ikikuta kistari pale inadhani unafanya hesabu ya kutoa, ukoo kutoa wa kutoa baba, na kwa kuwa hakuna hata kimoja inachokijua, haigombi, haisemi umekosea, inakupa sifuri kwa adabu kabisa.

Mzee Wambura akasimama taratibu na fimbo yake. Akauliza kama baba yake, aliyefyeka pori la mashamba yale, ni sifuri. Kisha akanigeukia.

"Na wewe kijana, ni wa ukoo gani?"

Swali la mtoto wa darasa la kwanza. Basi mimi kwa woga, badala ya kujibu, nikageuka nikatazama ukutani, kwenye projekta.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nyangeta naye alicheka, nilimwona, mpaka akajifunika kanga usoni.

Faini ilikuwa mbuzi, na mshenga akaambiwa arudi siku nitakayosimama mbele ya wazee nikataja koo za wote kwa kichwa, bila mashine. Nimefikisha thelathini na mmoja kati ya wanachama arobaini. Siku hizi kila jina lenye kistari nalitia mabano, na Bhoke akifungua mdomo naacha nilichoshika namsikiliza. Ila akina Magesa bado wananichanganya.