Mota Iliyobadili Sauti Siku ya Ulezi wa Harusi

Mashine yetu ya kusaga ilikuwa Kiboriloni, pembeni mwa soko, miaka ile ya ruksa kila mwenye nafasi alipofungua kitu. Ukutani liliandikwa jina la mume wangu. Aliyeijua mota ni mimi.

Fundi aliyeifunga alinieleza mara moja tu. Umeme wake unakuja kwa fezi tatu, kama wanaume watatu waliobeba gogo. Mmoja akiachia wakiwa wanatembea, wawili wataendelea, ila shingo zitawavimba. Wakilitua, hawaliinui tena. "Ikibadili sauti, mama, zima." Niliishia darasa la tatu, lakini hilo lilinikaa.

Siku hiyo wifi yangu, dada wa mume, alileta ulezi wa mbege ya harusi ya mwanawe. Ndizi zilishapikwa, zinasubiri unga kwenye mapipa. Unga ukichelewa, pombe imeharibika. Nilikuwa nimefika katikati ya gunia mota ilipoacha kuimba ikaanza kunguruma. Taa ya juu ya kinu ikazimika. Ya duka la jirani inawaka. Nikazima mashine.

"Inazunguka, unaizima?" wifi akafoka. "Una roho gani wewe?"

"Fezi moja imekatika. Nikiiacha hivi itaungua."

"Tangu lini umekuwa fundi? Mtoto wangu anaoa kesho, wewe unanihubiria umeme!"

Mume wangu akabonyeza swichi. Mota ikavuma mahali pamoja, haikusogea. Akazima, akashika mkanda ili aivute iondoke. Nikasimama mbele yake.

"Ukiivuta itaondoka, hilo najua. Halafu itaungua ukiiangalia. Dada yako atapata unga, sisi tutapata chuma cha kukalia."

Akaachia mkanda. Hakunitazama.

Wifi akabebesha watu gunia hadi mashine ya ng'ambo ya barabara, iliyokuwa kwenye laini hiyohiyo. Mwenye mashine akavuta mkanda, ikaondoka kweli. Wifi akanipungia ungo. "Umeona? Ya wanaume inafanya kazi!"

Kwanza ilikuja harufu, kama ya kucha iliyoungua. Kisha moshi ukatokea mlangoni, na watu nyuma yake wakikohoa.

Wifi alirudi na ulezi uliobaki. Nikamchukua mpaka kwa mama mkwe, kwenye jiwe la kusagia, tukapiga magoti sote wawili tukasaga kwa zamu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ukaisha jioni. Mbege ilikuwa na chenga. Wageni waliinywa wakaimaliza.

Baada ya harusi watu wa umeme walikuja wakafunga fyuzi mpya kwenye nguzo. Nikabonyeza swichi, mota ikaondoka yenyewe, inaimba. Ng'ambo mlango ulikuwa na kufuli. Wa kwanza kuingia kwangu alikuwa wifi, na debe la mahindi.

"Sauti yake ni hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo. Mimina."