Nilimwambia Arudi Nyuma Hatua Moja

Makosa ni yangu. Wacha nianze hapo, kwa sababu miaka miwili nimeambia watu ni ya mtu mwingine, na huyo mtu ni rafiki yangu.

Mimi ni mpiga picha, niko na studio Noonkopir, hapa Kitengela. Harusi, ruracio za kupeleka mahari, mahafali, hizo ndizo kazi zangu. Bahari nilikuwa naiona kwa kalenda tu.

Naserian tulisoma naye darasa moja Kajiado. Alipoolewa na Daniel, wakapanga fungate Mauritius, akaniambia, "Wewe unakuja siku tatu za kwanza. Sitaki picha za simu." Wueh! Mimi, kisiwani! Nililia kwa furaha.

Siku mbili nilipiga picha za mchanga mweupe na maji ya kijani, na bado sikutosheka. Picha kama hizo kila mtu ako nazo. Nilitaka kitu cha kufanya watu wa Kitengela waulize, huyu ni nani?

Siku ya tatu tukaenda kusini mwa kisiwa. Huko ni majabali meusi, na bahari ikipiga unaisikia kifuani. Kulikuwa na kibao cha onyo, mchoro wa mtu akibebwa na wimbi. Nilikiona. Mama mmoja aliyeuza mananasi kando ya barabara alituonyesha kwa mikono jinsi maji hupanda. Yeye pia nilimwona.

Daniel alirudi hadi kwa gari kuchukua viatu vya bibi yake. Tukabaki wawili, Naserian na gauni lake jeupe, miguu mitupu juu ya mwamba.

"Naogopa," akasema. "Hapa kunateleza."

"Dakika moja tu! Rudi nyuma kidogo."

"Mpaka wapi?"

"Hatua moja. Niangalie mimi, usiangalie maji."

Mungu wangu! Maji nilikuwa nayaangalia mimi. Niliona wimbi likiinuka nyuma yake, na badala ya kupiga kelele nikabonyeza kamera. Nilidhani litapasuka vizuri nyuma ya gauni.

Lilimwangusha kama nguo iliyotoka kwa kamba. Maji yaliporudi, alikuwa amekwama kati ya mawe mawili, mguu umeangalia upande usiofaa. Daniel na wavuvi wawili ndio walimtoa. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

Nyonga ilivunjika. Kichwa pia kiligongwa, hata leo hakumbuki chochote cha ile asubuhi.

"Nini ilitendeka?" Daniel aliniuliza hospitalini.

"Alitaka kusimama pale. Nilimkataza."

Ilitoka hivyo tu, rahisi. Kisha nikaingia choo nikafuta zile picha zote.

Tuliporudi, mamake Naserian, ambaye sisi wote humwita Yeyo, alinishika mikono kwake Kajiado. "Asante kwa kujaribu kumzuia. Huyu mtoto kichwa chake ni kigumu tangu zamani." Na nikakunywa chai yake! Aki nikakunywa!

Naserian alikuwa akifunza watoto wa shule riadha. Sasa anatembea na fimbo. Na kila wakikosana, Daniel humrushia, "Si uliambiwa usisimame pale?"

Mwezi uliopita alipanda ngazi za studio yangu, moja moja, akakaa. "Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Nilikuharibia safari kwa kiburi changu, na hujawahi kunilaumu."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja. "Wimbi uliliona likija?"

"Nililiona."

Alichukua fimbo yake. "Miaka miwili nimeuliza Mungu mbona aliniumba na kichwa kigumu hivi." Akasimama. Nikataka kumshika asianguke kwa ngazi. "Usiniguse."

Nilienda kwa Daniel, nikaenda kwa Yeyo, nikarudia yote. Daniel aliinamisha kichwa. Yeyo alinisikiza kwa geti, hakunikaribisha ndani. Naserian hashiki simu zangu. Sina haki ya kulalamika.

Wewe uliye na kamera, au simu tu, sikiza: mtu akikuambia anaogopa, mwamini, mtoe hapo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Mfupa wa Naserian madaktari waliuunga. Lakini lawama yangu aliibeba miaka miwili akidhani ni yake, na hiyo sijui ni nani atamtolea.