Pindo la Ua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunga ua kinyume. Lilikuwa shamba la mboga la shule moja karibu na Karurumo, na Msimamizi wa Shamba, mzee wa Kiembu aliyependa utani kuliko chakula, aliniacha nipigilie wavu wa kuku kwenye nguzo za mwerezi hadi mwisho. Kisha akafukua chini kwa jembe.

"Wewe msichana wa Meru, hii pindo umelaza ndani. Kwani sungura anaishi ndani ya kabichi?"

Pindo ni sehemu ya chini ya wavu, kama shibiri mbili, inayokunjwa na kufukiwa. Sungura akifika kwenye ua huchimba papo hapo chini yake. Hana akili ya kurudi nyuma kidogo. Akikuta waya huchoka akaenda zake. Lakini lazima pindo lilazwe upande anakotoka. "Pindo huangalia adui," Msimamizi aliniambia. Maneno hayo yamenilisha maisha yangu yote, na sasa ndiyo yanayoninyima usingizi.

Baadaye nilichukuliwa na Bwana Shamba wa tarafa, afisa wa kilimo, nimzungushie ua bustani za mfano, zile ambazo wakulima waliletwa kujifunzia. Yeye alinizoeza kuwafurusha sungura kabla ya kufunga kona ya mwisho, maana ukimfungia mmoja ndani umemwandalia meza. "Kikulacho ki nguoni mwako, Nkatha," alikuwa akisema, huku akipiga vichaka kwa fimbo. Nilicheka. Nilidhani anazungumzia sungura tu.

Kutoka hapo nikaenda shamba kubwa la mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa nje, upande wa Timau. Nilipofanywa kiongozi wa kikosi cha ua, nilimwombea kazi mdogo wangu Kirimi, nikamfundisha kila kitu: kukaza waya, kushindilia nguzo, kulaza pindo. Alikuwa na mkono mzuri, nakiri hata kama moyo hautaki. Sikuwahi kumwona akikosea pindo hata mara moja. Meneja, mtu asiyesifu hata mvua, alisimama siku moja akasema, "Mama, huyu atakushinda." Nilifurahi kama niliyesifiwa mimi.

Mgongo ulipokataa nilistaafu, nikarudi nyumbani Kangeta. Sikuolewa. Baba kabla hajafa alikuwa amenionyesha kipande changu, kuanzia mlangoni pa nyumba hadi kichakani kando ya mto, Kirimi akiwa amesimama pale pale akisikia. Nikapanda sukuma wiki na managu. Sungura wakatoka kichakani wakanilia mboga zote.

"Usisumbuke, dada," Kirimi akaniambia. "Wewe mgongo ni mbaya. Hiyo ua nitakufungia mimi mwenyewe."

Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Niliporudi kutoka hospitalini mjini Maua, nilikolazwa kwa ajili ya mgongo, ua ulikuwa umesimama, nguzo zimenyooka, waya umekaza. Ila ulikuwa mstari mmoja tu, umekata kipande changu katikati. Nyumba yangu na bustani vilikuwa upande huu. Sehemu yote ya chini, hadi kichakani, ilikuwa upande wa pili, na tayari ilikuwa na miche ya miraa. Lango hakuna. Nikajiambia amekosea vipimo, hakuna asiyekosea.

Nikachukua jembe. Kama ua huo ulikuwa wa sungura, pindo lingelazwa upande wa kichakani, na upande wangu ningekuta udongo mtupu. Jembe liligonga waya. Nikachimba hatua chache mbele, likagonga tena. Pindo lote lilielekea mlango wangu.

Kirimi alikuwa ng'ambo akipalilia miraa.

"Kirimi," nikamwita, "hii pindo umelaza wapi?"

Alitazama jembe langu, akatazama chini. "Si ni wewe ulinifunza, dada," akasema, akaendelea kupalilia.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii hununua waya mwepesi, halafu mnalaumu sungura. Nunueni mzito, na mfukie vizuri. Mengine sina la kuwafundisha. Chifu anasema niende na mashahidi wa maneno ya Baba, na shahidi wangu ni Kirimi.

Siku ile nilirudishia udongo juu ya pindo, nikaukanyaga hadi ukashikana. Waya ukiachwa wazi hushika kutu, na kazi yenyewe ilikuwa safi.