Mafua Tu

Walimwita Bi Sabuni, wala hakujali. Siku hizi hakuna alichojali. Alikuwa karani wa mapokezi katika kituo cha afya, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, na msimu wa mafua ulipoingia aliweka ndoo ya maji yenye bomba mlangoni, sabuni juu ya kisahani, na hakupita mtu bila kunawa. Daktari mkuu mwenyewe alinawa. Mzee mmoja aliwahi kumuuliza kama kuna pilau ndani. "Ipo," akamjibu, "lakini ni ya walionawa." Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imepasuka vifundoni kwa kunawa, na hakuwa na habari nayo.

Kazi yake haikuwa ngumu kuieleza. Mgonjwa anafika dirishani, anaulizwa jina, umri, na anasumbuliwa na nini. Bi Sabuni anaandika kwenye kadi na kumwonyesha benchi. Msimu ule jibu lilikuwa moja tangu asubuhi mpaka wanafunga: "Mafua tu." Mtu macho yamemwiva, pua inachuruzika, magoti yanagongana, na bado anasema mafua tu, kana kwamba anaomba radhi kwa kuja. Bi Sabuni aliandika "mafua". Lile "tu" hakuliandika. Alikuwa na ugomvi nalo.

Maana yeye mwenyewe aliwahi kulitamka. Mwaka uliopita, msimu kama ule, mama yake aliamka anatetemeka. Bi Sabuni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, amechelewa kazini, akamwambia, "Ni mafua tu, mama. Kunywa maji ya moto ulale." Aliporudi jioni alimkuta anahangaika kuvuta pumzi. Siku ya nne nimonia ikamchukua. Watu wakasema kazi ya Mungu haina makosa, naye akaitikia. Msibani hakulia. Alikingoja kilio kama unavyongoja maji ya bomba, ukifungua inatoka hewa. Baadaye akaacha kufungua.

Na chanjo ya mafua ilikuwapo. Ilikaa kwenye friji hatua saba kutoka kwenye kiti chake, kwa ajili ya wazee. Mama hakuipata kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpeleka. Sasa nyumbani alikuwa amebaki mzee mmoja, baba yake, seremala mstaafu aliyemeza vumbi la mbao miaka arobaini.

"Kifua kile, dada," muuguzi wa chanjo alimwambia bila kuzunguka, "mafua yakikiingia hakitahimili. Mlete."

Kumleta ndiyo ilikuwa shughuli. "Nichomwe sindano kwa ajili ya kamasi?" mzee alisema. "Wenzangu nitawaambia nini?" Kila asubuhi Bi Sabuni alimkumbusha mara moja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo ukutani: "Baba, chanjo ipo." Kila asubuhi mzee akajibu, "Nimesikia." Kusikia alisikia, kuinuka ndiko hakukuwapo. Wangegombana, lakini tangu mama afe nyumba ile iliishiwa maneno. Walifungua madirisha hewa ipite, kila mtu alikuwa na kikombe chake, walinawa. Afya ilitunzwa kwelikweli mle ndani. Furaha ndiyo hakuna aliyeiulizia.

Asubuhi ya Jumatano Bi Sabuni alikuwa akikung'uta pazia, vumbi likampanda puani, akapiga chafya mbili mfululizo. Mzee alikuwa anakunywa chai.

"Ah, ni mafua tu hayo," mzee akasema.

Maneno yalimtoka kabla hajayashika. Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. Wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama pengine. Bi Sabuni akavaa barakoa, akachukua mkoba, akaondoka. Siku hiyo hata ile chanjo hakuitaja.

Saa nne foleni ilikuwa imefika nje ya mlango.

"Jina?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Mtu wa dirishani akataja jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, kama aliyeitwa mahakamani. Bi Sabuni akainua kichwa. Baba yake alikuwa amevaa koti lile alilovaa msibani, na mikono yake ilikuwa bado inachuruzika maji ya ndoo.

"Baba."

"Andika. Kuna watu nyuma yangu."

"Unasumbuliwa na nini?" aliuliza. Mdomo ulikuwa umezoea.

Mzee akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo.

"Mama yako aliniamsha mimi kwanza," akasema. "Alfajiri ile. Akaniambia kifua kinambana. Nikamwambia ni mafua tu, nikageukia ukutani. Wewe ulipomwambia, mimi nilikuwa nimeshamwambia. Mwaka mzima nakuona unalibeba neno lile peke yako, nami nimenyamaza. Niliona aibu, mwanangu."

"Jamani, huko mbele mnahojiana au mnaandikishana?" mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

Bi Sabuni aliandika "chanjo". Akaipitisha kadi kwenye tundu la chini ya kioo, lakini mzee hakuichukua. Alikuwa anatazama mlango wa chumba cha sindano.

"Inauma?" akauliza.

Jibu la hapo kila karani analijua: kidogo tu. Bi Sabuni alifungua mdomo alitoe, likakataa kutoka.

"Inauma, baba," akasema. "Inauma sana."

Na kilio cha mwaka mzima kikamfikia palepale, mbele ya foleni, barakoa ikalowa. Mzee akaingiza mkono wake wenye maji chini ya kioo, akaushika wa binti yake penye mipasuko. Bi Sabuni akausikia mkono wake ukiwasha.