Beseni Nje ya Picha

Kila asubuhi Muhigirwa, mpiga picha wa Kamembe, humwona mama mmoja akielekea mpakani na beseni la nyanya kichwani, shingo wima kana kwamba anakwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kuapishwa. Jioni hurudi na beseni tupu kwapani, naye ni mtu mwingine kabisa: mgongo umepinda, kidevu kimetangulia, macho yanakagua mawe ya barabara. Muhigirwa, ambaye hupenda kujua yasiyomhusu, alidhani ni uchovu tu, mpaka jioni moja mama huyo alipoketi mbele ya shuka jeupe la kupigia picha. Alitaka picha ya karatasi ya kuvukia mpaka. Ile ya kwanza ilikataliwa kwa kuwa ilionyesha kilemba zaidi kuliko uso, na bila karatasi hiyo nyanya zake zingeozea Kamembe.

“Maman, inua shingo.”

“Nimeinua, Papa.”

Alikuwa ameinua macho tu. Muhigirwa akamsukuma kidevu taratibu kwa kidole. Kikarudi mahali pake kama mlango wenye springi.

“Acha shingo yangu, haina makosa. Ni mugongo ndio imekataa. Unipe beseni.”

Akasimama, akaviringisha kitenge, akakiweka utosini, akapandisha beseni tupu. Mgongo ukaanza kunyooka, pingili kwa pingili, kisha shingo ikapanda yenyewe bila kuombwa. Muhigirwa akapiga haraka, akiikata picha chini kidogo ya ukingo wa beseni.

Kwenye picha anaonekana kama mtu ambaye hajawahi kubeba kitu.